Fizikia ya kwenye beseni

Wasomaji wangu, nimepotea siku nyingi, najua. Waliosema nimeoa, hapana. Waliosema nimefukuzwa kazi gazetini, bado. Ukweli ni kwamba jioni zangu zimetekwa na kijana mmoja wa kidato cha pili na beseni la bluu la kufulia nguo.

Kisa chenyewe kiko hivi. Naishi kwa dada yangu hapa Upanga, kwenye zile ghorofa za zamani zenye ngazi za giza na balkoni zilizojaa nguo. Mwezi uliopita mpwa wangu alirudi na mtihani wa Fizikia, kapata nne kati ya ishirini. Dada akauweka mezani, akanitazama. "Wewe si umesoma chuo kikuu? Msaidie mtoto." Kwa dada yangu chuo kikuu ni kimoja tu, na aliyekipita anajua kila kitu. Kwamba nilisoma uandishi wa habari, na kwamba mimi na Fizikia tuliachana kidato cha nne kwa amani, kila mtu akashika njia yake, hayo hakutaka kuyasikia.

Mada iliyomwangusha ni ya Archimedes, kwanini vitu vinaelea na kwanini vinazama. Nikamwambia nieleze unachokijua. Akasimama wima kama yuko paredi, akaimwaga ile kanuni yote kwa Kiingereza, bila kukosea hata nukta. Nikasema safi sana, sasa niambie kwa Kiswahili. Kimya. Nikabadilisha. Nikamuuliza, mbona ndoo ikiwa ndani ya tangi la maji unaiinua kwa vidole viwili, ila ikishatoka juu ya maji inataka kukuvunja mkono? Akaniangalia kwa huruma.

"Anko, hiyo siyo Fizikia. Hiyo ni ndoo."

Jamani! Nilicheka, lakini usiku nilikosa usingizi. Huyu mtoto anaishi mita mia chache kutoka Bahari ya Hindi. Jumapili anavuka na pantoni kwenda Kigamboni. Kila masika anaona bonde la Msimbazi pale Jangwani linageuka ziwa. Na bado anaamini kuelea na kuzama ni mambo ya daftari, yanayotokea kwa Kiingereza peke yake.

Kesho yake nilipotoka kazini nikapitia Kariakoo. Nikanunua beseni, machungwa mawili, na mizani ile ya kuning'iniza ambayo wauza samaki wanapimia. Muuzaji akaniuliza nauza samaki gani. Nikamwambia nauza Archimedes. Akasema huyo hamjui, labda wa maji baridi.

Nilijiwekea sharti moja: sitaeleza kitu chochote kabla mtoto hajajibu swali. Kwanza abahatishe, kisha atie mkono majini, ndipo tubishane. Siku ya pili akaja binti wa jirani wa ghorofa ya tatu, siku ya tatu wakawa watano. Balkoni ikawa shule. Na wewe msomaji nakuomba ucheze kwa haki: jibu kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Swali la kwanza. Una machungwa mawili yanayolingana. Moja umelimenya, jingine lina ganda lake. Yote unayatia kwenye beseni. Lipi linazama?

Watoto wote watano walisema lenye ganda, kwa sababu ni zito zaidi. Wakatia. Lenye ganda likaelea, lililomenywa likaenda chini kama jiwe. Mmoja akasema nimewaloga. Sababu ni kwamba lile ganda limejaa vitundu vya hewa. Linaongeza uzito kidogo sana, lakini linaongeza ukubwa mwingi. Na maji hayaulizi una uzito gani peke yake, yanauliza uzito wako umetandazwa kwenye nafasi kiasi gani.

Swali la pili. Jiwe limefungwa uzi, limening'inizwa kwenye mizani. Hewani linasoma gramu 500. Ukilizamisha lote majini bila kugusa chini, mizani inasoma gramu 300. Zile gramu 200 zimekwenda wapi?

Hapa palikuwa na kelele. Wapo waliosema mizani ya Kariakoo ni feki. Nikawaambia jazeni chombo maji mpaka mdomoni, mtumbukize jiwe, mkinge maji yatakayomwagika, mpime. Yakawa gramu 200, au tuseme karibu sana na hapo, maana beseni letu siyo maabara. Mpwa wangu akanyamaza kidogo, halafu akasema polepole, kwa Kiswahili, kama mtu anayesoma maandishi ukutani: "Kwa hiyo maji yanalisukuma jiwe juu, kwa nguvu sawa na uzito wa maji yaliyofukuzwa."

Sikuongeza neno. Ile ndiyo kanuni yote, tangu Sirakusa ya karne ya tatu kabla ya Kristo mpaka leo. Hekaya ya mzee Archimedes kukurupuka kutoka bafuni uchi akipiga kelele mtaani iliandikwa na Vitruvius, Mrumi aliyeishi karibu miaka mia mbili baadaye, kwa hiyo ichukueni na chumvi yake. Angefanya hivyo Mtaa wa Kongo, mgambo wangemwahi kabla hajamaliza sentensi.

Swali la tatu, na hili nawapa wenye magari. Gari dogo lina kilo 1,280. Chukulia sakafu yake ni bapa, upana mita 1.6, urefu mita 4, na maji hayajaingia ndani. Maji yapande kiasi gani juu ya usawa wa sakafu ndipo gari lianze kuelea?

Pigeni hesabu. Sakafu ina mita za mraba 6.4. Ili maji yalibebe gari la kilo 1,280 lazima yafukuzwe maji ya kilo 1,280, ambayo ni mita za ujazo 1.28. Gawanya kwa 6.4. Unapata mita 0.2, yaani sentimita 20. Urefu wa rula moja ya shule haufiki! Gari halisi siyo sanduku, na maji huanza kupenya, lakini sasa unajua kwanini dereva anayesema "nitapita tu, hayajafika hata dirishani" anakutwa amegeuzwa upande, matairi hayashiki lami. Binti wa ghorofa ya tatu alienda kumsomea baba yake hesabu hiyo. Nasikia mzee amebadilisha njia ya kwenda kazini siku za mvua.

Jumamosi nikawapeleka Feri. Tukakaa upande wa Magogoni, tukaangalia pantoni inavyopakia, na hapo likaja swali la nne. Tuseme pantoni ni sanduku lenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 10. Lori la tani 20 linapanda. Pantoni itashuka kiasi gani? Maji ya bahari yana chumvi, tani moja na kilo 25 hivi kwa kila mita ya ujazo. Jibu ni karibu sentimita 5. Wakati lori linapanda, watoto walikodoa macho ubavuni kama waamuzi wa goli. "Imeshuka! Imeshuka!" Abiria mmoja akageuka kwa hofu akadhani tunazama.

Nikawaongezea swali la tano papo hapo. Pantoni hiyohiyo, na mzigo uleule, ukiihamishia Ziwa Victoria, itaelea juu zaidi au itashuka zaidi? Itashuka zaidi, maana maji ya ziwa hayana chumvi, ni mepesi, kwa hiyo lazima yafukuzwe mengi zaidi kuubeba mzigo uleule. Ndiyo maana meli kubwa zina alama ubavuni zinazoonyesha mwisho wa kupakia, mstari wa maji ya chumvi na mstari wa maji baridi. Huko Uingereza mbunge Samuel Plimsoll alipigana miaka mingi mpaka sheria ya 1876 ikawalazimisha wenye meli kuchora alama hiyo, kwa sababu wapo waliokuwa wanapakia meli mpaka inakaribia kunywa maji, wakijua bima italipa.

Na babu zetu wa pwani hii hawakungoja Plimsoll. Ndani ya Kiswahili mna farumi, ule uzito unaowekwa chini ya chombo kitupu kisiyumbe. Mna ngama, kule chini maji yanakokusanyika na kufutwa. Mna mirengu ya ngalawa, inayoizuia isipinduke. Lugha yenye maneno haya ilikuwa imekwisha kulijibu swali la sita, ambalo ni hili: je, kinachoelea ni salama? Hapana. Kuelea ni jambo moja, kusimama wima ni jambo jingine. Tia sufuria ya alumini kwenye beseni, inaelea raha mustarehe. Ipakie vikombe vyote upande mmoja. Uzito haujazidi, lakini inalala, inakunywa maji, inakwenda.

Hapo ndipo mpwa wangu alipouliza. Ilikuwa jioni ya siku hiyohiyo, wenzake wameshaondoka, dada yuko jikoni anakaanga samaki tuliotoka nao Feri.

"Anko, kama meli ikipinduka inakunywa maji inazama, mbona MV Bukoba ilipinduka ikabaki inaelea? Na kwanini walipoitoboa ndiyo ikazama?"

Sauti ya kikaango ikawa kubwa ghafla, maana kila kitu kingine kilinyamaza.

Ngoja niwaeleze wasomaji jambo ambalo sijawahi kuandika hapa. Sisi asili yetu ni Bukoba. Asubuhi ya Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Idadi ya vifo inayotajwa mara nyingi ni 894, na wapo wanaoamini walikuwa zaidi. Baba yetu mdogo alikuwa daraja la tatu, na ndizi zake za kupeleka Mwanza. Hakuonekana. Labda yuko kwenye makaburi ya pamoja ya Igoma, labda yuko ziwani. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, nikapewa jina lake. Dada alikuwa na miaka minane, na alikuwa kipenzi cha baba mdogo. Hajawahi kupanda chombo chochote cha majini tangu hapo. Kigamboni anakwenda kwa kuzunguka darajani.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sentensi moja tu kuhusu meli ile, na ilikuwa ya dada: "Walikuwa hai mle ndani, wanagonga, na watu wakatoboa wakawaua." Baada ya hapo mada inafungwa.

Nilitaka kumwambia mtoto tutaongea kesho. Lakini nilikuwa nimeshajiwekea sharti: swali likiulizwa, tunatia mkono majini. Nikachukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, nikaikata katikati. Kile kipande chenye kitako nikakigeuza kifudifudi, nikakifunga misumari kwa mpira kuzunguka mdomo ili kisilale, nikakiweka kwenye beseni. Kikaelea, kitako juu, hewa imenaswa ndani.

"Swali la saba," nikasema. "Kwanini hakizami?"

"Kwa sababu ya hewa. Hewa inazuia maji kuingia, kwa hiyo maji bado yamefukuzwa."

"Nikitoboa juu?"

Hakujibu. Alichukua sindano ya mama yake, tukaipasha moto, akatoboa kitako. Hewa ikatoka taratibu, huisikii mpaka uinamishe sikio. Chupa ikaanza kushuka, kidogokidogo. Maji yanapanda ndani kwa chini, hewa inatoka juu, na kila hewa inavyotoka ndivyo maji yanavyorudi kwenye nafasi yake na msukumo unavyopungua.

Hatukujua dada amesimama nyuma yetu saa ngapi. Alinyoosha mkono wenye unga wa samaki, akaweka kidole juu ya kitundu. Chupa ikasimama. Palepale, nusu yake ndani ya maji, ikatulia.

Alikaa hivyo muda mrefu. Samaki wakaungua, hakuna aliyesogea.

"Kwa hiyo hawakujua?" akauliza.

Nikamwambia ninachokiamini. Watu waliokuwa juu ya lile bati walisikia wenzao wanagonga chini ya miguu yao. Ukisikia mtu anagonga, mkono unataka kufungua. Lakini hewa iliyokuwa inawapa walio ndani pumzi ndiyo hiyohiyo iliyokuwa inaishikilia meli juu. Kuwatoa kulihitaji kwanza meli ishikiliwe kwa kitu kingine, au wapigambizi waingilie chini. Wapigambizi wa jeshi la Afrika Kusini walikuja baadaye, na kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta miili. Nikamwambia pia kwamba hewa ya namna hiyo imewahi kuokoa. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Septemba 20, 2018, mhandisi wake alikutwa hai siku mbili baadaye ndani ya chumba ambacho maji hayakukijaza. Wenzake zaidi ya mia mbili walikuwa wamekufa. Nacho chombo kile kilikuwa na uwezo wa abiria 101.

Dada akaondoa kidole. Tukaitazama chupa mpaka ikafika chini. Kisha akarudi jikoni, akazima jiko, na tangu jikoni, bila kutugeukia, akaanza kumsimulia mwanae jinsi baba mdogo alivyokuwa akimbeba mabegani kwenda kuangalia meli ikitia nanga. Aliongea mpaka saa tano usiku. Mimi mwenye jina lake, hadithi zile nilikuwa nazisikia kwa mara ya kwanza.

Sasa nina langu la kuungama. Miaka miwili iliyopita niliandika habari fupi ya boti iliyozama ziwani. Niliandika kwamba "ilipigwa na wimbi kali" kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa kwenye simu, nami nilikuwa na dakika ishirini kabla ya ukurasa kufungwa. Sikuuliza boti ina uwezo wa watu wangapi. Sikuuliza ilipakia nini na mzigo ulikaa upande gani. Sikuuliza orodha iko wapi. Mhariri alinisifu kwa kuwahi. Leo mtoto wa kidato cha pili mwenye beseni angeisoma habari ile na kunipa nne kati ya ishirini.

Mtihani wa marudio mpwa wangu amepata kumi na tano. Dada ameibandika karatasi kwenye friji. Ile chupa yenye kitundu ameiosha, ameiweka dirishani, na ole wako uiguse.

Lakini kilichonifanya nikae niandike usiku huu siyo zile kumi na tano. Nilipokuwa nakagua daftari lake, ukurasa wa mwisho, chini ya maswali yangu saba, nikakuta ameongeza la nane kwa mwandiko wake:

"Meli ina uwezo wa abiria 430. Daraja la kwanza na la pili wamo 443. Tafuta idadi ya daraja la tatu."

Chini yake ameacha mistari mitano mitupu ya kuonyesha njia. Akaniambia, "Anko, hili sijaliweza, kuna kitu hakijatolewa kwenye swali."

Nikamwambia aliache kama lilivyo. Hilo siyo la kwake, ni la kwangu.

Haya, usiku mwema. Na kesho ukipanda chombo, kabla hujatafuta kiti, tafuta ile alama ubavuni.